Uungwana na Utu: Fikra za Katama Mkangi Zikitazamwa Kutoka Ngomeni

Msafiri atokaye Malindi kwa barabara iendayo Garsen, akafika Gongoni na kukata kulia kuelekea baharini, hupita kwanza mabwawa meupe ya chumvi, kisha mikoko, kisha nyumba za wavuvi. Hapo ndipo Ngomeni, upande wa kusini wa Ghuba ya Ungwana. Mbele yake, juu ya maji, yamesimama majukwaa ya chuma ambayo mgeni huyadhania kuwa mitambo ya kuchimbia mafuta. Si mafuta. Waitaliano waliyasimamisha majukwaa hayo katika miaka ya sitini ili kurushia roketi, na setilaiti ya kwanza ikapaa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilifanikiwa mno: orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya miale hiyo, na wanafalaki wanaitaja hadi leo.

Uhuru, basi, ulipaa kutoka Ngomeni ukaenda mbinguni. Walioachwa chini walibaki na swali la uhuru wa aina nyingine, ule wa mtu aliyejenga nyumba juu ya ardhi ambayo hati yake i mikononi mwa mwingine. Swali hilo lilishughulikiwa kwa ukakamavu na mwana wa nyumbani ambaye wahakiki wa Kiswahili wamezoea kumtaja kama mtunzi wa riwaya, na wanasosholojia wakamtaja kama mwenzao, lakini ambaye kwa nadra sana ametajwa kwa jina linalomstahili zaidi: mwanafalsafa wa siasa. Huyo ni Katama Mkangi.

Mkangi alizaliwa mwaka 1944 katika sehemu ya Kilifi, miongoni mwa Wamijikenda. Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka mwaka 1975, na haitatukawiza hapa. Ni kazi ya kijana anayejaribu kalamu. La kuangaliwa zaidi ni alichokifanya katika miaka iliyofuata, alipokuwa akitafiti shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Tasnifu aliyoikamilisha mwaka 1978 ilihusu ongezeko la watu na mageuzi ya umiliki wa ardhi huko Taita, na katika kichwa chake aliyaita mageuzi hayo kuwa ni hekaya. Kitabu kilichotokana na utafiti huo kilichapishwa mwaka 1983. Mhakiki wa fasihi anayekipuuza kitabu hicho kwa kuwa ni cha sosholojia tena ni cha Kiingereza anajinyima ufunguo, kwa sababu humo ndimo Mkangi alimojifunza kuliona jambo ambalo baadaye atalieleza kwa njia ya ngano: kwamba karatasi inayompa mtu mmoja ardhi yaweza, kwa mkupuo huohuo wa kalamu, kumfanya jirani yake kuwa mtu wa kuishi kwa hisani.

Mwaka 1984 ilitoka Mafuta, riwaya inayoushambulia unyonyaji bila kificho. Mwaka 1986, katika msako wa watu walioshukiwa kuwa wanachama wa Mwakenya, Mkangi, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini pasi na kufunguliwa mashtaka. Kwa hilo aliingia katika ukoo wa heshima, ikiwa kifungo chaweza kuitwa heshima. Mwanafikra wa kisiasa wa pwani ya Kenya katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ni nadra asiwe amepitia mlango wa gereza. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972 na mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Alamin Mazrui, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, alikamatwa mwaka 1982, na tungo zake za kizuizini zikatoka mwaka 1988 chini ya jina la Chembe cha Moyo. Wawili hao walirudi na ushairi. Mkangi alirudi na riwaya, tena riwaya ya ajabu, Walenisi, iliyochapishwa mwaka 1995.

Kisa cha Walenisi ni chepesi kukisimulia. Dzombo, mtu asiyekubali kunyamaza mbele ya watawala, anahukumiwa. Adhabu yake ni kufungiwa ndani ya chombo cha kuruka angani na kurushwa ili akaangamie huko. Lakini badala ya kuangamia anajifunza kukiendesha chombo, na hatimaye anatua katika nchi ambayo watu hawagawanyiki kuwa wenye nacho na wasio nacho. Nchi hiyo yaitwa Walenisi, na hana haja ya kamusi anayetaka kujua maana yake: wale ni sisi.

Si lazima kudai kwamba Mkangi alikuwa na majukwaa ya Ngomeni akilini alipoandika. Madai ya namna hiyo huwafurahisha wahakiki kuliko yanavyoifaa kazi. Hata hivyo, msomaji wa Kilifi na Malindi hakuhitaji kuelezwa roketi ni nini. Kwa miaka ishirini na zaidi, mpaka urushaji wa mwisho wa mwaka 1988, chombo cha kwenda angani kilikuwa sehemu ya mandhari ya pwani hii kama vile jahazi na mtepe zilivyokuwa kwa mababu. Wale waliolalamika kwamba riwaya hii imeazima vinyago vya Kizungu vya hadithi za anga hawakuitazama ramani.

Hoja ya makala haya yahitaji shahidi kutoka mbali kidogo. Mwaka mmoja baada ya Mkangi, yaani 1945, alizaliwa Ballygar, katika jimbo la Galway nchini Ireland, mtoto aitwaye Philip Pettit. Alisoma Maynooth, chuo ambacho kwa karne mbili kimewalea mapadri wa nchi hiyo, na mwenyewe alikuwa akiandaliwa kwa upadri. Hakuwa padri. Alipata uzamivu huko Belfast, akafundisha Dublin, Cambridge na Bradford, akahamia Australia, na tangu mwaka 2002 akawa pia profesa huko Princeton, Marekani. Kitabu kilichomjenga jina, kiitwacho Republicanism, kilitoka mwaka 1997. Katika dibaji yake Pettit anakumbuka miaka ya seminari, ambako hakuteswa na mtu, hata hivyo alijiona akifunzwa tabia ya kutazamia uso wa mkubwa kabla ya kutenda lolote. Kutoka kwenye kumbukumbu hiyo, na kutoka kwa utafiti wa Quentin Skinner juu ya fikra za Warumi, ndiko ilikozaliwa nadharia yake.

Nadharia yenyewe ni hii. Tangu Hobbes, na hasa tangu mhadhara mashuhuri wa Isaiah Berlin wa mwaka 1958, wengi wameuelewa uhuru kuwa ni hali ya kutoingiliwa: mtu yu huru kadiri asivyozuiwa na wengine kufanya atakalo. Pettit anauliza: je, mtumwa wa bwana mpole? Bwana huyu hampigi mtumwa wake, hamkatazi kutoka, humwacha alime, auze na ale. Hakuna kuingiliwa. Basi tuseme yu huru? Warumi wangalicheka. Mtumwa huyo yuko katika mikono ya mwingine, na kwamba mikono hiyo leo imekunjuliwa kwa wema hakuondoi ukweli kwamba kesho yaweza kukunjwa bila kuulizwa na yeyote. Kwa hiyo uhuru si kutoingiliwa bali ni kutokuwa na bwana. Kipimo chake, asema Pettit, ni kama mtu aweza kumtazama mwenzake machoni pasi na hofu wala kujipendekeza. Katika kitabu cha mwaka 2014 alimtolea mfano Nora, mke katika tamthilia maarufu ya Ibsen, ambaye mumewe humkubalia karibu kila kitu. Na hilo la kukubaliwa ndilo tatizo.

Kwa wasomaji wa Galway au Princeton, mtumwa huyu ni mfano wa kufikirisha, umetolewa katika vitabu. Kwa Malindi si mfano. Karne ya kumi na tisa mji huu ulizungukwa na mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na watoro wao walijijengea vijiji bara, kimojawapo kikiwa Fuladoyo. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika sehemu hii mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani, ikawataka wenye kudai ardhi walete ushahidi. Waliokuwa na karatasi na mashahidi wa aina iliyokubalika mahakamani walipata. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Watumwa waliokuwa wamepata uhuru mwaka mmoja nyuma, na Wamijikenda waliolima kwa haki ya ukoo na wala si kwa karatasi, walijikuta wakiitwa maskwota. Mwanahistoria Frederick Cooper alilitungia jambo hilo jina la kitabu mwaka 1980: kutoka watumwa hadi maskwota.

Na yatazame maisha ya skwota wa pwani. Mara nyingi mwenye shamba hayupo. Yuko Mombasa, yuko Nairobi, yuko Uarabuni, au amekufa na warithi hawajagawana. Skwota analima mahindi na muhogo, anajenga nyumba ya udongo, anazika wazazi wake nyuma ya nyumba. Haulizwi. Pengine hupita miaka thelathini bila kuulizwa. Kwa kipimo cha Berlin mtu huyu ana uhuru mkubwa kuliko karani wa benki. Lakini hapandi mnazi, maana mnazi ni mti wa mwenye ardhi. Wala hajengi kwa mawe. Kila jambo la kudumu analiahirisha, na akisikia gari likisimama njiani moyo humwenda mbio. Huyo ndiye mtumwa wa bwana mpole, na maelfu yake wangali wanaishi kutoka Ngomeni hadi Vanga. Katika ukanda wa chumvi wa Magarini, ambako Ngomeni imo, upole huo ulikoma kwa wengi pale ardhi ilipokodishwa kwa uzalishaji wa chumvi. Malalamiko yakawa mengi kiasi cha Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kufanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti yake mwaka 2006.

Ni hapa ambapo Mkangi anamtangulia Pettit. Anayeisoma Walenisi kwa mazoea ya miaka ya themanini ataiona kuwa ni riwaya ya kitabaka tu: matajiri ni wabaya, maskini ni wema, mali igawanywe. Fikra za Ki-Marx zimo, na hapana sababu ya kuzificha. Lakini kinachomshangaza Dzombo huko ugenini si shibe. Ni kuwa hakuna anayemwogopa mwenzake wala anayejidhili ili apewe. Mwenyeji wake, Mtu-Binti, anazungumza naye kama mtu na mtu, na Dzombo, aliyetoka katika nchi ya mabwana, hajui aweke wapi macho yake. Kipimo cha Pettit cha kutazamana machoni kimo humo, miaka miwili kabla ya kitabu cha Pettit kutoka, na kimeandikwa na mtu aliyekijua si kwa seminari bali kwa kizuizi, mahali ambapo hata kuachiliwa hutegemea utashi wa mtu mmoja asiyetakiwa kutoa sababu.

Kiswahili kina neno kongwe kwa hali hii, nalo si uhuru. Uhuru, lenye asili ya Kiarabu, lilivuma katika siasa za kupigania kujitawala na limechoka kwa kutumiwa majukwaani. Neno kongwe ni uungwana. Mwungwana ni asiye mtumwa. Kutokana na hilo, ni mwenye adabu, kwa kuwa adabu ya mtumwa ilihesabiwa kuwa hofu na wala si adabu. Ni muunganiko uleule wa Kilatini, ambako neno la mtu huru ndilo lililozaa neno la ukarimu na elimu pana. Ghuba ya Ngomeni yenyewe ina jina la mji wa kale wa Ungwana, ambao magofu yake yako upande wa pili, karibu na mlango wa mto Tana. Mtu aliyetaka kujenga falsafa ya siasa kwa Kiswahili angalitarajiwa kuanzia hapo.

Mkangi hakuanzia hapo, na sababu yake ndiyo siri ya fikra zake. Uungwana ulikuwa hadhi ya wachache. Ili pawe na waungwana sharti pawe na wasio waungwana, na katika miji ya pwani wasio waungwana walikuwa watumwa, kisha wajakazi walioachwa huru, kisha, kwa kiasi fulani na kwa dharau isiyofichwa, watu wa bara ya karibu, ndio Wamijikenda, ndio akina Mkangi. Jina la kebehi walilobandikwa halina haja ya kurudiwa hapa. Ukoo wa fikra anaoufuata Pettit una doa hilohilo: raia wa Rumi alikuwa huru hali amesimama juu ya mgongo wa mtumwa, na Pettit amelazimika kueleza mara nyingi kwamba hadhi aliyoitengea wachache Mrumi inapasa sasa kupanuliwa iwafikie wote. Mkangi hakutaka kupanua. Aliuacha uungwana nje ya mlango akachukua neno ambalo halina kinyume chake miongoni mwa wanadamu: mtu. Hakuna asiyekuwa mtu. Na jina la nchi yake ya ndotoni linaendeleza hesabu hiyo, kwani katika ‘wale ni sisi’ safu ya wale, wanaosimama nje ya uungwana, imefutwa.

Huu ni uamuzi wa kifalsafa, na ni wa kijasiri. Una bei yake pia, na mhakiki mwaminifu hana budi kuitaja. Pettit ameandika kurasa nyingi juu ya jambo moja ambalo Walenisi inalipita haraka: mtu atasemaje hapana? Kwake yeye, kura peke yake haitoshi kuwazuia watawala wasiwe mabwana. Kunahitajika mahakama, vyombo vya habari, mabaraza ya malalamiko, njia zilizo wazi kwa raia mmoja aliyekasirika kuipinga serikali bila kuomba ruhusa. Katika nchi ambayo wale wote ni sisi, anayesema ‘mimi simo’ atawekwa wapi? Riwaya imejaa mazungumzo, lakini mazungumzo yenyewe ni ya mwalimu na mwanafunzi. Dzombo huuliza, hujibiwa, huridhika. Si vigumu kuona jinsi nchi ya namna hiyo ingeweza, ikipata mtawala mjanja, kumwambia mpinzani kwamba anajipinga mwenyewe. Afrika Mashariki imezisikia hotuba hizo. Kati ya riwaya za Kiswahili za miaka ya tisini zilizoacha uhalisia, Nagona na Mzingile za Kezilahabi zilisalimika na mtego huu kwa kukataa kutoa jibu lolote. Mkangi alitoa jibu, na jibu huwa na nyufa.

Utetezi wa Mkangi, kama upo, haumo ndani ya kitabu. Umo katika alichokifanya mwaka 1997. Mwaka huo ambao Pettit alichapisha nadharia yake, Mkangi aliweka jina lake kwenye karatasi ya kura akagombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress. Wenzake wengi chuoni waliliona kuwa jambo la kuchekesha. Bahati za vitabu hazilingani: cha Mwairishi kilifika ikulu, kwa maana mwaka 2004 José Luis Rodríguez Zapatero, alipokuwa waziri mkuu wa Uhispania, alikitangaza kuwa mwongozo wa serikali yake na baadaye akamwalika mtunzi aje aitathmini. Cha Mkangi kilibaki kwa wanafunzi wa fasihi. Lakini mtunzi wa Walenisi, ambaye katika riwaya yake hakuonyesha vema mtu awezavyo kusema hapana, alijisimamisha mbele ya mamilioni ya Wakenya akawapa nafasi ya kumwambia neno hilo. Wakamwambia, karibu wote, siku ya tarehe 29 Desemba. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004.